Gunia la Ukungu Kwenye Mnada wa Mavuno

Heri niwasimulie mwenyewe, maana huku Magogoni kila anayesimulia anaongeza lake, na wapo wanaosema nililia mbele ya madhabahu, jambo ambalo si kweli (nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, ni tofauti), lakini aibu yenyewe siikatai. Ni yangu, na kwa umri huu sina nguvu za kuitafutia mwenyewe mwingine.

Kazi yangu ya maisha ilikuwa kushona maturubai ya malori kule Changamwe. Nilipostaafu nikarudia shamba letu la Kaloleni, nalima mahindi, nikivuna nayaleta huku nyumbani. Mwaka ule mvua ilirefuka, nikayatia guniani kabla hayajakauka sawasawa, na nilipolifungua nikakuta punje zimeshikana, zimeota ukungu wa kijani, zanuka kama godoro lililolowa. Mke wangu akachungulia, akasema, "Baba Kadzo, hayo hata kuku usiwape. Yafukie."

Nikamwambia sawa. Sikuyafukia. Mtu aliyelima kwa mgongo kama huu wangu, kuzika jasho lake mwenyewe si kazi nyepesi, jamani.

Sasa siku hizo alikuwa ametutembelea Mbodze, mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo kikuu mambo ya seli za mwili, na jioni tukila akawa anatueleza kwamba ndani ya kila seli kuna DNA, yaani kama maandishi yanayouongoza mwili, na maandishi hayo huumizwa kila siku, mara na jua, mara na moshi wa sigara, mara na sumu za chakula, lakini mwili una mafundi wake wadogo wasioonekana wanaopita wakikagua, wakikuta palipoharibika wanakata, wanatia kipya, wanaunga. Mimi mtu wa viraka nikafurahi mno.

"Kumbe Mungu naye ni fundi!" nikasema.

"Ngoja, mjomba, sijamaliza," akasema Mbodze.

Lakini taarifa ya habari ilikuwa yaanza redioni, nami nikainuka na kikombe changu cha chai. Hapo ndipo nilipopotea.

Kesho yake nikayaanika yale mahindi, nikayasugua kwa kitambaa mpaka kijani kikatoka, nikayachanganya na mazuri, na mazuri zaidi nikayaweka juu (ndiyo, juu, sitaki kuwaficha). Kila dhamiri iliponichoma nikajiambia mafundi wamo mwilini, watarekebisha. Debe moja nikampelekea Mama Kache, anayewapikia uji watoto wa chekechea pale kanisani kwetu, akanishukuru kwa mikono miwili. Gunia lililobaki nikaliweka kwa Jumapili ya mavuno.

Kwetu siku hiyo kila mtu huleta alichovuna, nazi, ndizi, kuku, na baada ya ibada vitu hunadiwa hapo hapo mbele ya watu, jina lako likitajwa kwa kipaza sauti. Mnadi wetu ni Charo, kijana mwenye maneno mengi.

"Gunia la Mzee Katana!" akapaza. "Mahindi ya Kaloleni, meupe kama meno ya bibi harusi! Nani anayataka?"

Mama Kache akasema anayataka ya uji wa watoto. Lakini yeye amenunua nafaka sokoni miaka na miaka, haamini cha juu. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za chini, akazinusa.

"Mzee wangu, mbona huku chini kwanuka?"

Ningesema samahani, liondoeni, mambo yangeisha. Badala yake, nikamwomba Charo kipaza sauti.

"Ndugu zangu," nikasema, "msitishwe na ukungu kidogo. Sayansi imesema mwili una mafundi wake ndani, sumu ikiharibu, wao wanatengeneza!"

"Basi tafuna tuone, mzee!" akanidakia Charo, na kanisa zima likacheka.

Nami, badala ya kushuka, nikatia punje mdomoni. Zilikuwa chungu, na ngumu kwa meno haya machache. Nikajaribu kumeza nikitabasamu, zikanipalia, nikaanza kukohoa ndani ya kipaza sauti, kho kho, hadi wa nje kwenye viti vya plastiki wakaingia kutazama kuna nini. Mchungaji akanipigapiga mgongoni kama mtoto mchanga.

"Mjomba, teme! Usimeze!" Ni Mbodze huyo, amekwisha kusimama. Nikatema kwenye leso yangu, mbele ya waumini wote. Akanishika mkono, na kwa kuwa watu walikuwa wakimwangalia yeye, ikabidi amalize ile habari niliyoikimbia.

"Mafundi wapo, mjomba hajasema uongo," akasema taratibu. "Lakini sumu ya ukungu huu inaganda kwenye DNA, hasa ya ini, na mafundi hawafiki kila mahali kwa wakati mmoja. Mjomba, turubai likipasuka ulikuwa ukianza kushona wapi?"

"Pale panapofunika mzigo," nikasema.

"Na zile sehemu zilizokunjwa?"

"Zilisubiri."

"Basi na mwilini ni vivyo hivyo. Sehemu za DNA zinazotumika hurekebishwa upesi, zilizokunjwa husubiri. Seli ikigawanyika kabla fundi hajafika, inanakili maandishi pamoja na kosa lake, na hapo hakuna tena wa kulitambua kuwa ni kosa. Makosa kama hayo yakirundikana mwaka baada ya mwaka ndipo saratani hupata njia."

Charo akalishusha gunia, akasema haya, tuendelee na kuku. Na mimi ningeweza kwenda kuketi, maana lile debe la kwanza hakuna aliyelijua ila mimi. Nikatazama watoto wa chekechea waliokaa mkekani mbele, wengine nyuso bado zina mafuta ya asubuhi.

"Mama Kache," nikasema, "lile debe nililokuletea. Ni haya haya."

"Wameshalimaliza, Mzee Katana," akasema. "Na wajukuu zako wamo."

Mbodze aliwaambia wazazi kwamba kiasi hicho ni kidogo, na yaelekea miili ya watoto itarekebisha madhara yake. Mama mmoja akamwuliza, "Yaelekea, au hakika?" Akajibu, "Mama, hakika sina."

Tulilichoma gunia nyuma ya kanisa, wanaume watatu hivi na mimi. Watoto hawakuumwa hata tumbo, na watu wema huniambia basi, mzee, yamepita. Lakini hili si jambo la kuonekana tumboni, na litakapoonekana, kama litaonekana, mimi nitakuwa nimeshazikwa na hakuna atakayejua lilitoka wapi. Hilo ndilo linalonichosha, si kicheko cha Charo.

Kanisani bado napeleka mahindi. Mama Kache hanigombezi, hunisalimu vizuri tu, lakini hapokei changu bila kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, mbele ya yeyote aliyepo. Nami humfungulia mdomo wa gunia kabla hajaomba, nikasimama hapo mpaka amalize kunusa.