Ngumi za Mchango

Mume wangu ni fundi wa kupiga plasta, na neno kumtoka mdomoni mpaka ulivute kwa koleo. Kaka yangu anafanya kazi machinjioni. Ng'ombe mzima humpasua katikati kwa shoka huku anapiga soga, na watu wa kwetu tunaoishi huku ugenini tunamwita Tingatinga. Mimi ndiye niliyewaunganisha hawa wawili kwa kuolewa, na tangu ardhi ya nyumbani itetemeke nimejuta mara nyingi.

Tetemeko lilipiga mji wetu alfajiri, watu wakiwa bado vitandani. Jirani yetu wa zamani alipiga simu akasema nyumba ya mama imelala chini, mama hajaonekana, wanaendelea kufukua. Kisha laini ikakatika. Nyumba ile aliijenga mume wangu kwa mikono yake kabla hatujahama. Ilikuwa ya vyumba viwili, ya chini. Ghorofa ilikuja baadaye, kwa sababu kaka alitaka nyumba ya mama yake ionekane kutoka barabarani.

"Shemeji, kuta hizi nilizijenga zibebe bati tu, si ghorofa," mume wangu alimwambia siku ile.

"Kazi ya fundi ni kujenga," kaka akamjibu. "Woga tuachie wanawake."

Nilikuwepo, namimina chai. Ghorofa ikajengwa.

Basi habari zilipomfikia, kaka alikuja kwetu na nguo za kazi, damu ya ng'ombe haijakauka kwenye buti. Hakubisha hodi. Alimkwida mume wangu shati, akambamiza ukutani mpaka kioo kikaanguka na kupasuka.

"Nyumba yako imemla mama yangu! Muuaji we!"

Nilimtandika kaka sufuria ya mgongo, na sikumtania. Ndipo akamwachia, akatoka akitukana hadi mtaa wa pili. Mume wangu aliokota vipande vya kioo. Kuhusu ghorofa hakusema kitu, na nilipofungua mdomo kusema mimi, alinikazia macho. Nilimkasirikia yeye kuliko nilivyomkasirikia kaka.

Chama cha watu wa kwetu kilikuwa kimeazima gereji moja kubwa ya magari. Huko ndiko tulikoshinda tukikunja mablanketi, tukichambua makoti, tukipanga dawa kwenye makatoni. Mtu analia huku anakunja. Kuna dada alileta gauni la harusi na viatu vyenye visigino virefu kama misumari, nikamuuliza kama kwenye kifusi kuna dansi. Mwenyekiti wetu anauza magodoro, na mdomo wake haukauki. Aliona mizigo imejaa mpaka kwenye paa lakini hatuna cha kulipia lori. Akaona pia jinsi Tingatinga na fundi wanavyotazamana, kila mmoja kwenye pembe yake.

"Jamani, hawa watapigana tu, tupende tusipende," alisema. "Basi wapigane Jumapili, watu waingie kwa kiingilio. Ngumi za mchango!"

Watu walivunjika mbavu. Kaka hakucheka. "Mimi niko tayari," alisema, "na simwachii."

Nilimgeukia mume wangu nikijua atakataa. Huyu hata panya humsindikiza nje kwa ufagio. Akasema, "Sawa."

"Sawa nini?" nilimfokea njiani. "Yule anapasua ng'ombe! Atakuua!"

"Lori linahitajika," akajibu.

Jumapili asubuhi nikiwa bafuni nilisikia simu ikilia. Mume wangu akaipokea.

"Nani?" nikauliza.

"Mwenyekiti," akasema. Nilipotoka nilimkuta ameinama anafunga kamba za viatu.

Gereji ilifurika, wenyeji na wageni. Ulingo ulizungushiwa kamba za kuvutia magari, kengele ilikuwa rimu ya gurudumu ikigongwa kwa spana, na kinyozi wetu ndiye aliyekuwa refa. Mlangoni waliweka ndoo za michango.

Kaka alimwingia bila salamu. Ngumi ya kwanza ilitua puani, nikasikia mfupa ukilia. Damu ikammwagikia mume wangu kifuani, na watu wakaruka kwa shangwe, wengine soda mkononi. Yeye alirusha ngumi mbili tatu za kuzugia, hata inzi asingeumia. Raundi ya pili nyusi ilipasuka. Kaka akahamia mbavuni, akapiga palepale, akarudia, mpaka mume wangu akaangukia magoti.

"Baki chini!" nilimpigia kelele. Akainuka.

Nilimvamia mwenyekiti. "Simamisha!"

"Ndoo ya pili inajaa, dada. Vumilia kidogo."

Kiatu cha harusi kilikuwa juu ya katoni karibu yangu. Nilimtwanga nacho kichwani, kisigino kikabaki kwenye nywele zake.

Raundi ya tatu kaka alikuwa anapiga huku analia. "Mrudishe! Mrudishe mama yangu!" Kila neno na ngumi yake. Mume wangu alijikinga, akasogea, akamkumbatia kama mabondia wanavyofanya wakichoka. Kinyozi alijaribu kuwatenganisha, akashindwa. Nilikuwa nimeshika kamba, hatua moja tu kutoka kwao, nikamsikia.

"Shemeji. Mama wamempata leo asubuhi. Hayupo tena."

Mikono ya kaka ilianguka. Akaketi kwenye sakafu yenye oili, na mimi nikaketi upande wangu wa kamba, maana alikuwa mama yangu pia. Watu walidhani Tingatinga ameangushwa. Kinyozi akaanza kuhesabu kwa sauti, na umati ukahesabu naye mpaka kumi. Akaunyanyua mkono wa mume wangu. Walishangilia mpaka mabati yakatetemeka.

Watu walipotawanyika nilimkalisha mume wangu juu ya mablanketi, kitambaa mkononi. Nililia, nikamtukana, nikalia tena.

"Kumbe ndiyo ile simu! Ulijua tangu asubuhi! Hata mimi ukanificha?"

"Ungemwambia."

"Na angeambiwa kuna ubaya gani?"

Alitema damu kwanza. "Nilitaka anipige mimi kwanza. Akishajua, atajipiga mwenyewe."

Kaka alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Macho yalikuwa yamemvimba kuliko ya yule aliyepigwa.

"Shemeji," alisema. "Ile ghorofa..."

"Niliijenga mimi," mume wangu akasema.

Kaka alichukua kitambaa mkononi mwangu, akapiga magoti, akaanza kumfuta damu taratibu, kuanzia puani.