Bushi ya Mashine ya Shangazi

Siku mashine ya shangazi iliponyamaza naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku nilipoanza kuwa mjinga rasmi. Kabla ya hapo nilikuwa mjinga wa kawaida tu, kama vijana wenzangu wa Majengo, hapa Songea.

Shangazi Skola alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, nami ndiye niliyeiendesha. Injini yake ya dizeli ilitoka Uingereza, na ubavuni ilikuwa na kibati chenye jina na anwani ya kiwanda. Kibati hicho nilikisugua kwa majivu kila Jumamosi. Injini yenyewe niliisafisha nilipokumbuka.

Basi baada ya Pasaka ikatoa mlio mbaya, ikazima. Nilipoifungua nikakuta bushi imekwisha, yaani ile pete ya shaba inayoshika shafti. Ukingoni mwake yaligongwa maneno ya Kiingereza kwamba imetengenezwa Uingereza.

Sasa elewa hapa. Mimi na Sesilia tulipanga kufunga ndoa Julai, baada ya mavuno, na mahindi ya komoni, ile pombe yetu ya harusi, yalikuwa yasagwe pale. Mashine nyingine ilikuwa mtaa wa Mfaranyaki, lakini shangazi na mwenye nayo hawakusemeshana, na aliapa kwamba hata punje moja ya kwetu haitafika huko. Na harusi bila komoni, mama mkwe aliniambia waziwazi, ni mkutano wa wazazi shuleni.

Nikaenda kwa Mzee Komba, fundi wa kukereza vyuma nyuma ya soko. Akaigeuzageuza ile bushi, akasema, "Niachie siku mbili, nitakukerezea nyingine."

Nikamjibu, na naona aibu hadi leo, "Mzee, kitu cha Uingereza kinataka kitu cha Uingereza."

Hakukasirika. Alinirudishia bushi yangu akaendelea na kazi, ila niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Nikakiandikia kiwanda barua. Niliiandika upya mara nne, mwandiko usije ukatutia aibu. Kisha nikasubiri. Mwezi wa tano wote nilishinda posta, hadi karani akawa ananitikisia kichwa kabla sijamwamkia. Mwezi wa sita mahindi yakaja, magunia yakapangwa ukutani. Kanisani likasomwa tangazo la kwanza la ndoa yetu, likasomwa na la pili. Mama mkwe na dada zake wakaanza kutwanga kwa kinu, na kila walipopumzika walilitaja jina langu, wala si kwa kuniombea.

Sesilia akaniita pembeni. "Mimi nakupenda," akasema. "Lakini Jumapili hii ni tangazo la tatu, na padri akiuliza kama kuna mwenye pingamizi, mama atasimama. Ameshachagua na kitenge cha kuvaa."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilimpenda yule binti kweli.

Ijumaa barua ikafika. Nikaisoma mbele ya shangazi, nikitafsiri polepole. Kiwanda kilifungwa zamani, ilisema, na majengo yake sasa ni duka la makochi. Mwenye duka ndiye aliyejibu, akaulizia kwa adabu kama tungehitaji makochi.

Shangazi akaichukua barua, akaikunja. "Umemaliza? Sasa nenda kwa Mzee Komba. Na ukifika, piga magoti."

Nilipiga. Mzee akanyoosha mkono rafuni, akatoa bushi mpya iliyofungwa kwenye gazeti. Aliikereza wiki ileile niliyomkataa. Nami, ujinga ukiwa haujaisha, nikamuuliza kama itadumu.

"Ile ya zamani ilidumu muda gani?"

"Tangu nipo shule ya msingi, mzee."

"Basi na hii itadumu hivyohivyo. Ile nayo niliikereza mimi."

Nikamwonyesha yale maneno ya Kiingereza. Akavuta droo, akanionyesha vyuma vyake vya kugongea herufi. "Marehemu mume wa shangazi yako alikuwa kama wewe. Bila maneno hayo alikuwa hapati usingizi."

Jumamosi tukasaga hadi jioni. Jumapili mama mkwe alivaa kile kitenge na kukaa ukingoni mwa benchi misa nzima, lakini hakusimama.

Mwaka jana Mzungu mmoja mzee alikuja kutembelea makumbusho yetu ya Maji Maji. Akipita Majengo aliusikia mlio wa ile injini, akasimama ghafla. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda kilekile. Alikaa juu ya ndoo, akasikiliza, akalia. Kupitia kijana aliyemtembeza alisema kwao viwanda bado vipo, tena vinatengeneza vitu vya ajabu, ila mikono inatafutwa. Yeye na wazee wenzake wana injini kama yetu, imesimama kwa kukosa bushi. Mafundi walioijua walistaafu, na hakuna aliyewekwa karibu yao ili ajifunze.

Nikampeleka kwa Imelda, binti wa Mzee Komba, aliyerithi karakana. Akamkerezea bushi, kisha akaniuliza, mabega yakitikisika kama ya baba yake, "Mzee wangu, nigonge maneno gani?"

Nikamwambia agonge ukweli. Akagonga SONGEA, na yule mzee akaifunga kwenye leso yake kama hirizi.

Kwa hiyo mwanangu, nikikuona unapita karakana ya Imelda macho kwenye simu, unatafuta spea ya ng'ambo ya pikipiki yako, roho inaniuma. Usiabudu kibati. Muulize kwanza fundi aliye jirani yako. Kisha kaa karibu naye ujifunze angali hai, maana kiwanda kikifungwa kinaweza kufunguliwa tena, lakini fundi akizikwa na ujuzi wake, barua yako itajibiwa na muuza makochi.

Mungu akupe mikono isiyochoka kujifunza, na mama mkwe mwenye subira kuliko wangu.