Redio na Miaka Sita ya Ugenini

Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa zuri tu, ila halikuwa na watumiaji. Tangu darasa la pili watu walimwita Redio, na hata mganga mkuu wa hospitali, mtu wa tai na miwani, alimwita hivyohivyo mbele ya wageni wa heshima. Hakuwa msengenyaji. Alikuwa tu mtu asiyependa kimya kikae bure.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za eksirei, katika chumba kisicho na dirisha chenye mlango mzito na taa nyekundu juu yake. Humo ndani maneno yake yalikuwa nusu ya dawa. Mtoto aliyevunjika mkono akiletwa analia kama king'ora, Redio humvika aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, akamwambia hilo ni vazi la askari wa mwezini, akamsimulia vita vyao. Ikifika saa ya kumwambia "tulia hapohapo," mtoto keshasahau kulia, anataka kujua nani alishinda. Picha ikatoka safi, haikutikisika.

Ila palikuwa na jambo lililomkera kama kokoto kiatuni. Picha ikishatokea kwenye kioo cha kompyuta, kinywa chake kilifungwa kwa sheria. Mpiga picha hasomi picha, msomaji ni daktari. Mgonjwa akiuliza, "Dada, umeona nini?" jibu lilikuwa lilelile: "Daktari atakuambia." Redio akianzisha hadithi, wenzake wakaimalizia mbali huko, na mara nyingi hakujua hata iliishaje.

Ndiyo maana akaanza kuomba nafasi ya kusoma udaktari. Chuo cha nyumbani kilimkataa mara mbili, maana waombaji walikuwa kama mchanga, na viti vichache kama meno ya mtoto wa mwaka mmoja. Mara ya tatu akajaribu ng'ambo, nchi ya baridi ambayo lugha yake aliwahi kuisikia kwenye filamu tu, tena zile zenye maandishi chini. Akatuma maombi, akayasahau. Siku moja anakunywa chai kantini, simu ikalia: amekubaliwa, na karo italipwa na chuo chenyewe. Mwaka mmoja wa kujifunza lugha, mitano ya udaktari, na udaktari wote kwa lugha hiyohiyo. Jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Alikaa kimya muda mrefu hata mpishi wa kantini akaja kumuuliza kama kuna msiba.

Nyumbani alikuwa na watu wawili. Baba yake alikuwa kinyozi, mwenye duka la kiti kimoja na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, aliuza vitambaa mlango wa pili, na ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, Redio akiwa bado wa kubebwa. Baba aliposikia habari alizima mashine, mteja akiwa kanyolewa upande mmoja, akasema, "Hili si la kukata juu juu. Hili la kujadili."

"Lijadiliwe," mteja akasema, "lakini kichwa changu kwanza."

Hakuna aliyemsikiliza. Shangazi alikwisha ingia na mita yake ya kupimia vitambaa shingoni.

"Mimi sikumlea mtoto ili nikamweke kwenye barafu," akasema. "Tunaoweka kwenye barafu ni samaki."

"Dada, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," baba akajibu. "Huyu anakwenda kuponya watu kwelikweli."

"Walisema mgeni aje. Hawakusema wetu aende."

Wateja waliokuwa benchini wakacheka, kila mmoja akatoa lake. Mmoja alijua mtu aliyekwenda akarudi tajiri, mwingine alijua mtu aliyekwenda akarudi na kikohozi. Wiki ile watu waliingia kunyoa hata wasio na nywele, ili mradi wasipitwe na mjadala.

Redio mwenyewe hakuogopa baridi. Baridi ina makoti. Alichoogopa hakumwambia mtu: kwamba yeye, ambaye riziki yake na furaha yake vilikuwa mdomoni, angefika kule akawa bubu. Angewaambia nini watoto wa watu? Askari wa mwezini wanaitwaje kwa lugha ile?

Pale hospitalini alikuwepo daktari mmoja aliyesomea nchi hiyohiyo. Watu walimwita Nukta, kwa sababu alikuwa hasemi sentensi ila anaikata. "Lala. Pumua. Vaa. Kesho." Redio akamvizia kantini, akavuta kiti.

"Daktari, nisaidie. Kule kukoje?"

"Baridi," akasema Nukta. Kisha akaona mwenzake bado anangoja, akaweka kikombe chini. "Uliza kwanza baraza la madaktari la hapa kama linakitambua hicho chuo. Usije ukarudi na shahada ya kufungia karanga."

"Nimeuliza. Kinatambuliwa."

"Vizuri." Akakoroga chai. "Unajua shuleni mimi ndiye nilikuwa natangaza mechi? Napanda juu ya meza na kipaza sauti cha karatasi, natangaza mpaka sauti inakauka. Kule nikawa nasema kile tu nilichokuwa na uhakika nacho, maana nikikosea wanacheka. Si kwa ubaya, wanacheka tu. Miaka sita. Niliporudi nikakuta nimezoea."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno mengi kuliko yote ambayo Redio aliwahi kuyasikia kwake, na yalimwingia kama maji ya baridi. Alimtazama yule mtu mpole akinywa chai yake, akajaribu kumwona juu ya meza na kipaza sauti cha karatasi. Hakuweza.

Kesho yake akakiandikia chuo: anashukuru sana, lakini hatakwenda. Baba alipoambiwa alisema, "Uamuzi wako ni wako, mwanangu," akarudi kunyoa, ila siku ile alimkata mteja sikioni kidogo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Shangazi alifurahi mpaka akampa kitambaa cha gauni, kisha akakaa dukani siku nzima bila kufurahi, asijue kwa nini.

Wiki ile ile akaja mzee mmoja fundi saa, mwenye kikohozi cha siku nyingi. Redio akamsimamisha kifua kikiwa kimegusa ubao, kidevu juu, mabega mbele, huku akimweleza habari za saa ya shule yao iliyokuwa inakwenda kinyumenyume. Mzee alicheka hadi akakohoa.

"Vuta pumzi. Shikilia. Haya, pumua."

Picha ikatokea. Juu ya pafu la kulia palikuwa na kivuli kizito, cha mviringo, kisicho na kazi pale. Redio alikuwa ameona vifua vingi, hakuweza kukosa kukitambua.

"Umeona nini, mwanangu?" mzee akauliza, akifunga vifungo vya shati.

"Daktari atakuambia, baba."

Mzee akafunga kifungo cha mwisho taratibu. "Tangu niingie humu hukunyamaza hata kidogo," akasema, si kwa kulaumu. "Sasa umenyamaza. Basi umeshaniambia."

Mzee ndiye aliyemhurumia. "Hebu endelea na ile saa ya shule. Iliishia wapi?" Akaendelea, lakini sauti haikuwa yake, na hadithi yenyewe aliiharibu. Mzee alipelekwa hospitali kubwa, na habari zake, kama kawaida, zikaishia mlangoni.

Jioni Redio alipita dukani kwa baba, akachukua ufagio, akaanza kukusanya nywele sakafuni.

"Baba, nimebadili mawazo. Nataka kwenda."

"Si uliogopa kule utakuwa kama bubu? Nukta kanieleza mliyozungumza, nikakisia. Anakuja kunyoa hapa."

"Kunyamaza nanyamaza hapahapa. Afadhali ninyamaze mahali ninapofundishwa cha kusema."

Baba akamtazama kwenye kioo. "Na ulikwisha kataa."

"Nitaomba radhi. Aibu haiui."

Akaandika tena, akaeleza kwamba amefikiri upya na kwamba anajua kigeugeu hapendwi. Alikaa roho mkononi. Jibu lilipokuja lilikuwa la heshima na la kushangaza: nafasi yake bado ipo, kwa sababu ofisa wa usajili alikuwa likizo na barua ya kwanza haikuwa imefunguliwa na mtu. Baba alilichukua kama ishara. Shangazi akasema huko hakuna ishara yoyote, kuna uvivu wa ofisi tu, kisha akaenda kumtafutia koti.

Miezi iliyobaki Nukta alimfundisha lugha wakati wa chakula cha mchana. Wauguzi walikuwa wanapita polepole makusudi, wamwone Nukta akiongea dakika nzima bila kuvuta pumzi, akijibizana na Redio, akimrekebisha, akicheka. Neno la kwanza alilomfundisha lilikuwa "tafadhali rudia." La pili lilikuwa "polepole."

Aliondoka na masanduku mawili, moja likiwa la makoti peke yake. Mtihani wa kwanza wa lugha alifeli, tena vibaya. Wenzake wa darasani walijifungia vyumbani na vitabu. Yeye akajaribu hivyo, akaona anaumwa kichwa. Akaamua kufanya lile aliloliweza tangu darasa la pili. Akaongea. Aliongea na mama msafishaji wa bweni, akiharibu kila sentensi, na yule mama, mjane ambaye watoto wake walihamia mbali, akamrekebisha huku anasukuma ndoo. Watu walicheka, kama Nukta alivyosema. Redio naye akacheka, kisha akauliza kosa lilikuwa wapi. Mtihani wa pili alipita, japo mwalimu aliuliza kwa nini anaongea kama bibi wa miaka sabini.

Si kwamba ilikuwa raha tupu. Majira ya baridi jua lilikuwa linachungulia na kurudi, na siku nyingine alipiga simu nyumbani akakaa tu anasikiliza mlio wa mashine ya kunyolea. Mwaka wa pili alifeli somo moja akalirudia. Mwaka wa tatu alianza kuingia wodini nyuma ya walimu, na wagonjwa wazee walimpenda kwa sababu alitumia maneno ambayo wajukuu wao walishayatupa.

Sasa yuko mwaka wa nne. Likizo iliyopita shangazi alikwenda kumtembelea, amevaa sweta tatu moja juu ya nyingine. Siku ya pili alitoka peke yake asubuhi, bila kuaga. Redio alizunguka mtaa mzima akimtafuta, roho juu, hadi akamkuta kwenye duka la vitambaa, ameketi nyuma ya kaunta na mwenye duka, mwanamke wa umri wake. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Shangazi alikuwa anavuta kitambaa kwa vidole viwili, anatikisa kichwa, na mwenye duka anajitetea kwa mikono yote miwili.

"Mwambie," shangazi akamwambia Redio bila kugeuka, "hiki kikifuliwa mara moja kitapungua. Na mwambie chai yake nzuri."