Sponji ya Mama Mkwe

Kila Jumapili baada ya kanisa, majirani zangu hapa Busia hunikuta nimechuchumaa nyuma ya nyumba na beseni, ninaosha sponji. Wameshazoea. Zamani walikuwa wakiniuliza kama mke wangu ameniachia vyombo, siku hizi wanapita tu na kusema, "Pole na kazi." Mimi ni kinyozi, na uchafu uliokaa mahali pasipo pake huninyima raha. Sasa skuta yangu ni ya aina ile ambayo boksi la kichujio cha hewa limewekwa chini, kando ya gurudumu la nyuma, pale pale vumbi linapopaa. Aliyeibuni hakuwahi kufika Dabani, kwa wakwe zangu.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unafungua skrubu za kifuniko, unatoa sponji, unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga. Unaiminya kati ya viganja, maana ukiisokota kama nguo itachanika. Waendesha boda huichovya kwenye petroli na kuapa kwamba ndiyo dawa, nami nimechoka kubishana nao. Petroli huila sponji polepole mpaka iwe makombo. Ukimaliza unaianika kivulini, ikauke kabisa, kwa sababu injini ikivuta hewa kupitia sponji mbichi inakohoa kama mgonjwa. Kisha unaidondoshea oili kidogo, unaiminya tena ili ienee, unairudisha. Oili hiyo ndiyo inayokamata vumbi.

Na hapa kwetu vumbi lipo la kutosha. Ila nilipata kulijua vizuri mwaka ule macho ya mama mkwe yalipozidi kupoteza nuru.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno wanalipitishia kwa mtu mwingine. Mimi ni mtu wa Kirewa na yeye ni Msamia wa Dabani, watu wa makabila mawili ambayo hayawezi kukubaliana hata namna ya kupika mboga, lakini kwa jambo hili yanaelewana kuliko ninavyopenda. Kwa hiyo alipotakiwa kwenda hospitali Tororo, hakuna aliyefikiria kumpandisha kwenye skuta yangu. Kiti cha skuta ni kifupi, tungegusana. Tulimkodia boda, mimi nikawa nafuata ili nimshughulikie tukifika.

"Si upite mbele?" mke wangu aliniuliza siku ya kwanza niliporudi, nyusi zangu zikiwa nyekundu.

"Nimtimulie mama yako vumbi?"

Akanipa kitambaa nijifute. Alijua kwamba habari ya mkwe aliyemtimulia mama mkwe vumbi ingesimuliwa Dabani mpaka wanetu waoe.

Basi nikawa nakula vumbi. Njia yetu ya mkato ilikuwa ya muramu, ule udongo mwekundu, kiangazi kilikuwa kimekaza, na kila safari ilinirudisha na sponji ya rangi ya tofali. Niliiosha, nikaianika, nikarudi nyuma ya boda ile. Sitasema nilifurahi. Kuna siku nilinung'unika ndani ya kofia yangu ya pikipiki tangu Dabani mpaka mlima wa Tororo ulipoonekana.

Jicho moja la mama mkwe lilikuwa limepofuka zamani. Lile la pili lilikuwa na mtoto wa jicho, na daktari alisema linaweza kuokolewa. Wapasuaji wa macho wangefika hospitali ile, wafanye kazi siku chache, kisha waende zao, na hakuna aliyejua wangerudi lini. Tulipewa siku yetu. Mama mkwe, ambaye ujana wake wote aliuza dagaa wa omena mpakani, hakutaka makubwa. Alimwambia mke wangu kwamba anataka tu kutunga uzi kwenye sindano bila kuita mtu.

Siku ilipofika mke wangu alikuwa ametangulia Tororo kushika nafasi. Tuliondoka Dabani asubuhi, boda mbele, mimi nyuma. Katikati ya njia, mahali pasipo hata kibanda, cheni ya boda ikakatika.

Mwendesha boda, mtu mzima aliyemzoea mama mkwe, aliikagua akatikisa kichwa. "Mama, hii inakataa kabisa."

"Mwambie mkwe wangu aulize kama watanisubiri," alisema mama mkwe.

Mwendesha boda akanigeukia, ingawa nilikuwa nimesimama hapo hapo. "Anasema uliza kama wanasubiri."

Nilimpigia mke wangu. "Wameanza kuita majina," alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Mlete, baba watoto. Mlete hata mgongoni."

Tulitafuta boda nyingine kwa simu, lakini ilikuwa siku ya soko Mukuju na zote zilikuwa huko. Nikamwambia mwendesha boda amwambie mama kwamba majina yanaitwa. Akamwambia. Mama mkwe alifinya ukingo wa gomesi, gauni lake refu.

"Mwambie nitapanda skuta yake," alisema mwishowe. "Mungu anaona macho yangu yalivyo."

Niliwasha skuta. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Vumbi la juma lile lilikuwa limeizidi. Nilifungua boksi, nikaitoa sponji nikaikung'uta, na sponji ile iliyokuwa imezeeka kwa kuoshwa ikararuka mkononi kama mkate uliolowa. Nilijaribu bila kichujio kabisa. Injini ilinguruma bila nguvu, hewa imezidi, moto haushiki. Nilitamani kuketi barabarani nilie.

"Mwambie aseme ni nini kimeharibika," alisema mama mkwe.

"Sponji, mama," mwendesha boda alijibu kwa niaba yangu.

"Kama ya godoro?"

"Kama ya godoro."

Yeye husafiri na mto mdogo wa kukalia, kwa sababu ya nyonga. Alipapasa mpaka akaupata kwenye kiti cha boda, akauelekeza upande ambao alidhani nipo. "Mwambie akate."

Nilikuwa na begi langu la kazi, na ndani yake wembe. Nilipofumua mto niliuona mshono wake: nyuzi ndefu, fupi, nyingine zimetoka nje ya kitambaa zikarudi. Aliushona mwenyewe, kwa kupapasa. Nilipima kwa sponji iliyochanika, nikakata, nikadondoshea oili ya mashine ya kunyolea, nikaiminya na kuisukuma ndani ya boksi. Skuta ikawaka na kutulia.

Kilichobaki cha mto nilikiweka katikati ya kiti, kati yake na mimi. Nusu ikaenda kuzuia vumbi, nusu ikabaki kulinda heshima. Mama mkwe alipanda kwa upande, akashika keria, chuma cha nyuma ya kiti, kwa mikono miwili, na mwendesha boda akageuka kuangalia vichaka.

"Mimi sijaona kitu," alisema.

Tulipofika, jina lake lilikuwa limekwisha kuitwa, na mke wangu alikuwa mlangoni akibishana na muuguzi kama mtu anayegombea shamba. Wakampokea, wakamfanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Alfajiri ya pili bandeji ikatolewa, na mama mkwe akamuuliza mke wangu kwa nini amekonda.

Baada ya wiki kadhaa alitakiwa kurudi jicho likaguliwe. Tukapanga kama kawaida, boda mbele na mimi nyuma. Nilikuwa na sponji mpya halisi ndani ya boksi, nimeiosha Jumapili. Hatukufika mbali nikaona boda inasimama. Mama mkwe alikuwa amegeuka, ananitazama.

Nilisogea. Nilikuwa mwekundu kwa vumbi toka kofia mpaka viatu. Mwendesha boda alijiandaa kupokea maneno, lakini mama mkwe alizungumza nami mwenyewe, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Ni hivi kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikidhani unakaa nyuma kwa sababu skuta yako haina nguvu."

Alishuka. Alichukua mto wake kwenye boda, mto mpya, akauweka katikati ya kiti cha skuta na kuusawazisha kwa kiganja. Mshono wake ulikuwa mdogo mdogo, umenyooka toka pembe hadi pembe. Akapanda, akashika keria.

"Twende," alisema.

Niliiwasha skuta. Tuliiacha boda nyuma yetu, na mbele barabara ilikuwa tupu mpaka Tororo.

Jioni nilifungua boksi kwa mazoea. Sponji ilikuwa karibu safi kama nilivyoiweka. Niliiosha hivyo hivyo.