Zimwi linalotoa pole lapewa nyumba yake

Saa kumi na moja jioni ya Jumamosi, nyuma ya zile treni zinazowageuza watu vichwa chini miguu juu, Ghati Marwa anazeeshwa.

Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Msichana wa vipodozi anambandika ngozi ya mpira mashavuni, anamchora makunyanzi, anamvika nywele za mvi, na kazi ikiisha kwenye kioo ameketi ajuza wa miaka tisini. Mwandishi wa makala haya, aliyekwisha kusalimiana naye vizuri tu mlangoni, anajikuta anamwamkia mara ya pili.

"Marahaba," anaitikia kwa sauti ya kizee, bila kucheka. "Umekula?"

Kwa mtu wa Tarime, mkoani Mara, hilo ni swali la kawaida. Hapa, katika bustani kubwa ya burudani iliyo mwendo mfupi wa gari kutoka Landover, Maryland, swali hilo limewatoa nduki wanaume wenye vifua vipana. Mmoja wao aliacha kiatu.

Kila Oktoba bustani hii hugeuzwa makao ya mazimwi kwa ajili ya Halloween, sikukuu ambayo Wamarekani huvaa kama wafu na kutishana kwa hiari. Kwa hiari, na kwa tiketi. Mwaka huu wa 2006 zimejengwa nyumba tatu mpya za kutisha. Moja ina wachinjaji wenye misumeno ya injini. Nyingine ina wachekeshaji wenye meno ya papa. Ya tatu imetoka kichwani mwa Ghati, na ndiyo pekee isiyo na hata tone la damu.

Lakini nyumba hiyo ipo majaribuni. Uongozi umeipa wikendi tatu. Ikifaulu, Ghati ataajiriwa mwaka mzima katika idara ya maonyesho, kazi ya mchana yenye bima ya afya. Ikishindwa, vyumba vyake watapewa watu wa misumeno, naye atabaki na kazi yake nyingine tu, ya kuwahudumia wazee usiku katika makao yao huko Wheaton. Hii ni wikendi ya tatu.

Kinachomuuma Ghati ni huo usiku. Alikuja Marekani kumfuata mumewe, aliyekuwa dereva katika ofisi moja ya kibalozi. Ndoa ikavunjika, mume akarudi nyumbani, Ghati akabaki na binti yao, Edna, ambaye sasa ana miaka kumi na miwili. Makao ya wazee yanamlipa dola tisa kwa saa, na zamu ya usiku ndiyo aliyoipata. Mama anatoka mtoto akivaa nguo za kulalia, anarudi mtoto akifunga kamba za viatu kwenda shule.

Usiku Edna hulala kwa Jerotich, jirani wa ghorofa ya chini, Mkenya kutoka Kericho anayefanya zamu ya mchana katika makao hayo hayo.

"Mtoto wangu analelewa vizuri, sina lawama," anasema Ghati. "Ila siku hizi akiniona nimelala nyumbani ananyata, kama vile mimi ndiye mgeni. Hapo roho inaniuma, sikufichi."

Ni Jerotich huyo huyo aliyemleta huku, miaka miwili iliyopita, baada ya kuona tangazo la vibarua vya Oktoba.

"Nilimshow, Mama Edna, kuja tu u-apply, hawa watu wanalipa mtu kupiga nduru," anakumbuka Jerotich alivyomwambia. "Sikujua ataenda kuwaharibia kazi siku ya kwanza."

Na kweli aliiharibu. Msimu ule Ghati alipangwa katika nyumba iliyojengwa kama hospitali iliyohamwa. Alipakwa damu usoni, akafichwa kabatini, akaambiwa wageni wakipita atoke kwa kishindo kisha arudi ndani. Kundi la kwanza likapita. Akatoka kwa kishindo. Msichana mmoja akaruka, akajikwaa, akaanguka chini kama gunia.

Hapo Ghati akasahau kwamba yeye ni maiti. Akamkimbilia yule msichana, mikono ameinyoosha, damu inamchuruzika kidevuni, akimwambia pole, pole mama, umeumia wapi. Msichana kuona vile akainuka mwenyewe, akakimbia. Ghati, kwa kuwa hakuwa amejibiwa kama ameumia au la, akamfuata. Wakamaliza ukumbi mzima hivyo, mmoja anapiga mayowe na mwingine anampa pole, mpaka msichana akatokea mlango wa dharura na ving'ora vyote vikalia.

"Nikajua nimefukuzwa," anasema Ghati. "Lakini ndugu yangu, kwetu ukimwangusha mtu, hata kama umelipwa kumwangusha, unamwinua. Ningeanzaje kurudi kabatini?"

Msimamizi wake, Darnell, mzaliwa wa Landover, alikuja mbio kumwondoa kazini. Njiani akakutana na yule msichana na wenzake. Walikuwa wamejipanga foleni upya, wanauliza kama yule maiti mwenye huruma bado yumo.

Darnell amekuwa akiwatisha watu kwa mshahara, kama anavyopenda kusema, tangu akiwa kijana. Anasema kelele watu wameshazizoea, na damu wanaijua kuwa ni rangi.

"Lakini mtu wa hapa akisogelewa na asiyemjua, akamtazama machoni na kumwonea huruma," anasema, "anaanza kujiuliza yamemfika yapi."

Hivyo Ghati akaruhusiwa kutoa pole. Msimu uliofuata akaruhusiwa tena. Mwaka huu uongozi ulipowaomba wafanyakazi watoe mawazo ya nyumba mpya, alimfuata Darnell na methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Darnell akauliza huyo mgeni anapewa jembe akalime nini. Ghati akamtazama tu na kutabasamu, na Darnell akaomba karatasi waanze kuchora.

Nyumba ina vyumba vitatu, kila kimoja na siku yake. Siku ya kwanza ni sebule: makochi yenye vitambaa vya kufuma, chupa ya chai, bakuli la karanga, picha za ukoo zilizotundikwa juu karibu na dari zikimwinamia mgeni. Wageni huingia sita sita. Bibi huinuka polepole, hufunga mlango, huwapa pole ya safari. Huwanawisha mikono kwa maji ya vuguvugu kutoka kwenye birika. Huwauliza, kwa Kiingereza chake cha Tarime, kama wamekula, na nyumbani wamemwacha nani.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga. Hili la Landover ndiyo kwanza mnaonana, na linakukaribisha chai.

Siku ya pili ni chumba chenye kitanda kilichotandikwa, na mtu amelala humo amejifunika gubigubi. "Huyo alikuja kabla yenu," bibi huwaambia kwa upole. "Hakutaka kusaidia." Siku ya tatu hakuna samani. Kuna sakafu ya udongo, shimo lililochimbwa nusu, na wajukuu wawili wasiosema neno, ambao humpa kila mgeni jembe lake. Majembe ni ya sponji. Hakuna mgeni aliyekaa kuyakagua.

Tatizo ni kwamba watu hutoka kimya. Wakuu wa bustani wana desturi ya kusimama mlango wa kutokea na kusikiliza, na nyumba hupimwa kwa mayowe. Kwenye misumeno watu hutoka wakilia na kucheka na kukumbatiana. Kwa Ghati hutoka wakitembea haraka, midomo imefumba, wanageuka nyuma mara mojamoja. Wikendi mbili za kwanza wakuu walitikisa vichwa. Leo wamekuja tena, na mkuu wa maonyesho mwenyewe, mama mmoja wa sauti ya chini asiyeondoa mikono mfukoni, yupo pale mlangoni.

Mwandishi amepewa kiti kwenye kona ya sebule, avae shuka na ajifanye mmoja wa ukoo wa bibi. Makundi yanapita. Ghati anafanya kazi kwa raha ya mtu anayejua anachofanya. Kijana mmoja anakataa kunawa, bibi anamsubiri, birika mkononi, na kijana ananawa.

Kisha linaingia kundi lenye vijana watano na mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la bluu, shangazi yao kwa namna walivyomwita. Bibi anawapa pole. Anawanawisha. Anamfikia yule mama, anamshika mkono kwa mikono yake miwili, anamuuliza kama amekula.

Yule mama anajibu kwamba hapana. Kisha anakaa kwenye kochi na kuanza kulia.

Hakulia kilio cha woga. Alisema alimzika mumewe mwezi Agosti, kwamba watu wote walikuwa wema sana siku ya mazishi, na kwamba tangu siku ile hakuna aliyemuuliza kama anakula. Alikuwa akiomba radhi huku analia, kana kwamba amewamwagia watu chai. Wale vijana walisimama wamepigwa na butwaa, hawajui kama ni sehemu ya mchezo.

Sheria za mazimwi katika bustani hii ni mbili, na kila kibarua huambiwa siku ya kwanza: usivue uso mbele ya mgeni, wala usisimamishe foleni. Ghati alijua nani amesimama mlango wa kutokea. Mwandishi alimwona akitazama upande ule.

Akavua nywele za mvi. Akabandua mashavu. Akamwita mjukuu mmoja kutoka chumba cha tatu awashe taa, akaketi kando ya yule mama, akamkumbatia, akamwacha alie. "Lia mama," akamwambia kwa Kiswahili, kana kwamba ataelewa, na inaonekana alielewa.

Darnell aliingia amewaka. Alipoona, alitoka, akasimama mbele ya mlango wa kuingilia kwa mwili wake wote mkubwa, na foleni ikasimama hadi nyuma kwenye vibanda vya viazi. Ilipita kama robo saa kabla mgeni mwingine kuingia.

Yule mama alipoondoka na vijana wake, mkuu wa maonyesho alikuja sebuleni. Mwandishi alijiandaa kutoka, lakini Ghati alimwambia abaki, kwani ameyaona yote. Mkuu alisema anaelewa kilichotokea na kwamba kimemgusa. Alisema pia kwamba hawezi kumwajiri mtu wa kusimamisha foleni. Akamtaka Ghati aahidi kwamba halitatokea tena.

Ilikuwa ahadi rahisi. Neno moja tu, na kazi ya mchana ingekuwa yake. Mwandishi, akiwa bado na shuka begani, alikuwa akimwombea alitamke.

"Madam, siwezi," alisema Ghati. "Ukitaka niwatishe, nitawatisha mpaka walale taa zinawaka. Hiyo kazi naiweza kuliko mtu yeyote hapa. Lakini mtu aliyefiwa akikaa kwenye kochi langu, nyumba inasimama. Nikikuahidi vingine nitakuwa nakudanganya."

Ghati, kwa kuwa hakuwa amefukuzwa bado, akaendelea. Alisema kwao hakuna msiba usio na mahali pa kukaa. Kama bustani inaogopa foleni, basi ijenge chumba kidogo kando, chenye viti, taa nyeupe na chai ya kweli, na mtu mmoja asiyevaa uso wa bandia. Aliyezidiwa apelekwe huko, wenzake waendelee kupewa majembe.

Mkuu aliuliza chumba kama hicho kinahitaji ukubwa gani. Akatoa mikono mfukoni, akapima kwa hatua kutoka kwenye kochi hadi ukutani.

Jumatano iliyofuata simu ya mwandishi ililia. Alikuwa Darnell. Nyumba ya Ghati inabaki, msimu huu na ujao, pamoja na chumba chake cha pembeni. Ghati anaanza ajira ya mwaka mzima mwezi Januari. Aliongeza kwamba watu wa misumeno wamenuna, na alicheka sana kulisema hilo.

Ghati mwenyewe alipatikana kwa simu akiwa anatoka zamu, kwenye kituo cha treni cha Wheaton. Amekwisha kuwaambia wazee wake kwamba ataondoka, na mmoja ameapa kuja Oktoba kutishwa na mtu anayemfahamu. Alipompa Edna habari, binti huyo, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alisema neno moja tu: "Finally." Kisha akaenda kwa Jerotich kuchukua mto wake, bila kungoja Januari.

Mipango anayo mingi. Anataka nyumba nyingine mwaka kesho kutwa, ya harusi, na bwana harusi tayari ameshampata kichwani. Anataka kumfundisha Darnell kutoa pole bila kuonekana anauza kitu. Lakini alipoulizwa anachokingojea zaidi mwezi Januari, hakutaja hata kimoja kati ya hivyo.

"Usiku," alisema. "Nataka nilale nyumbani kama watu. Mwanangu akiota vibaya, aite mama, na mama aitike."