Kidole cha Nyanya

Nilipokuwa mtoto, huko kwetu nje kidogo ya Malaba, niliamini kwamba kaka yangu Okisai hanywi yeye. Anayekunywa ni babu, aliyekufa kabla sisi hatujazaliwa. Usinicheke, nyumba nzima iliamini hivyo.

Kwetu Wateso mtoto alipewa jina kwa pombe. Nyanya alichovya kidole katika ajon, pombe yetu ya wimbi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto angelinyonya ndilo lake. Kaka, nasikia, aliyakataa majina yote ya watu wa maana akaja kunyonya kwa Okisai, babu aliyelala kando ya chungu zaidi kuliko alivyolala kitandani. Nyanya alionya siku hiyohiyo kwamba mtoto huyu atamfuata mwenye jina. Basi kaka alipoanza kuokotwa njiani, hajafika hata miaka ishirini, nyanya alitikisa kichwa tu. Si alisema?

Mengine tuliyaona lakini hatukuyasema. Mama alikuwa anapika ajon ya kuuza, ndiyo iliyotulisha, na kaka tangu akiwa mdogo ndiye aliyeonja chungu kutuambia kama imeiva. Tulimsifu, eti ana ulimi wa mzee. Baba alipofariki kaka alikuwa kidato cha pili. Hakulia. Aliacha shule akaenda kupakua malori mpakani, na pale watu hunywa waragi, pombe kali ya pakiti, asubuhi kabla ya chai ili baridi na njaa visisikike. Mtu kama huyo unamtafutia babu wa nini? Lakini kumlaumu babu kulikuwa rahisi, maana hakuna aliyeulizwa chochote.

Nilipokuwa darasa la sita, kaka aliacha pombe. Alijipeleka mwenyewe hospitali, akalazwa, akarudi amekonda lakini mikono imetulia. Akahamia kwa shangazi, ambako hakupikwi pombe. Jumapili alikuwa akija kunifundisha hesabu za sehemu, na nikikosea ananiita profesa. Ile miezi miwili, jamani, nilikuwa na kaka.

Nyanya ndiye hakutulia. Alisema babu amekasirika kunyimwa na atarudi kwa nguvu, kwa hiyo kaka abadilishwe jina, apewe la Emodo, babu mdogo aliyekuwa katekista na hakuwahi kugusa mrija wa kunywea ajon. Mama akaunga mkono, wajomba wakaunga mkono. Na jina halibadilishwi bila ajon. Ndivyo tulivyokuwa, tunapika pombe ili mtu wetu aponywe pombe, na hakuna aliyeona ajabu.

Kaka alikataa katakata. Alisema daktari amemwonya asiguse hata tone. Walimbembeleza wiki nzima, wakashindwa, ndipo wakanituma mimi.

Nilimkuta kwa shangazi akipura maharagwe. Nikamwambia, "Kaka, ni kidole tu. Babu atakuachia."

Akaniuliza, "Wewe unaamini hivyo?"

"Ndiyo."

Akaweka fimbo chini, akanawa mikono, tukaenda pamoja.

Nyanya alichovya, akataja Emodo, kaka akanyonya. Wanawake wakapiga vigelegele na changu kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kisha mjomba mmoja akasema jina jipya lazima lisalimiwe, akamsogezea mrija. Niliona kaka akiutazama. Sikusema kitu, kwa sababu nilidhani aliyeketi pale sasa ni Emodo, na Emodo hanywi. Alasiri ilipofika alikuwa hajauachia. Jumatatu alirudi mpakani kwa malori, na hakuacha tena.

Nyanya alisema jina halikushika. Hatukulijadili tena hilo.

Miaka mingi baadaye, mimi nikiuza nguo Busia na kuishi mtaa wa Burumba, nilimuuguza kaka hospitalini. Tumbo lilikuwa limejaa maji, macho ya njano. Nilimwomba msamaha kwa siku ile, nikilia kama mjinga. Akanishika kidole kimoja, nguvu za mkono mzima hakuwa nazo.

"Ulikuwa mtoto," akasema. Akapumzika. "Ila nilipofika pale nilitamani useme turudi. Ungesema, ningerudi."

Alikufa siku ya nne baada ya hapo. Babu simlaumu tena, na nyanya pia nimemsamehe, kwa kuwa alifanya alichofundishwa, na kwa mapenzi. Watu huniambia nilikuwa mtoto, sikujua, na ni kweli sikujua kuhusu ugonjwa. Lakini kwa nini nilitumwa mimi, hilo nililijua vizuri njia nzima ya kwenda kwa shangazi, na lilinifurahisha: mimi ndiye mtu pekee ambaye kaka hangeweza kumkatalia.