Kimono ya Roboti

Kaka yangu Tetsuji anachora katuni ya roboti mdogo, na watoto wanaipenda kufa. Kazi yangu mimi ni kuitia wino michoro yake. Toleo hili roboti anakwenda kwenye ngoma ya Bon, ya kuwakaribisha marehemu nyumbani, kwa hiyo kaka akamvika kimono, lile joho letu la kukunjwa kifuani. Nilipoiona picha, nikawaka.

“We kaka, una akili kweli? Umekunja upande wa kulia juu ya wa kushoto! Hivyo si ndivyo anavyovikwa maiti? Unataka watoto wasilale?”

Hakubisha. Alifuta, akachora upya, na upande wa kulia ukaja juu tena. Akaiweka kalamu chini.

“Tokie, mtu wa mwisho niliyemvisha kimono ni Fumie.”

Fumie ni mke wake. Alifariki wakati wa theluji, na kaka alikataa katakata avishwe na mtu mwingine kwa mazishi.

Nikamnyang’anya karatasi, nikalifunika kosa kwa rangi nyeupe, nikachora mwenyewe: kushoto juu, kama tunavyovaa sisi tulio hai. Nikamaliza hata kabla chai yetu mezani haijapoa.

Kaka aliitazama sana ile picha.

“Kumbe,” akasema, “kumgeuza aje upande wa walio hai ni rahisi hivyo.”